TAHARIRI: KARANI MGENI AONYESHWE KAZI



Msimu wa kununua pamba huanza Mei, na chama chetu kimepata makarani wawili wapya, vijana wetu hapa hapa Chato. Tunawakaribisha. Lakini kabla hatujawakabidhi mzani, tukumbushane ya msimu uliopita.

Yule karani alifika asubuhi ya siku ya kununua. Akapewa ufunguo wa ghala na kitabu cha stakabadhi, akaambiwa "haya, kazi hiyo." Foleni imeshafika mwembeni. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mzani lazima uanze sifuri kila mara, kwamba uzito wa gunia hutolewa, wala jinsi ya kutenga pamba safi na fifi. Jioni kitabu na ghala havikulingana, na mama mmoja kilo zake 84 zimeandikwa kwa jirani. Tukapiga kelele: mwizi! Wiki ya pili kijana akaacha kazi. Kamati ilipokagua haikuona hata shilingi iliyoibwa, ni kutojua tu. Na mpaka leo hatujamwomba radhi. Hivi kweli jamani?

Wazee wa ushirika waliliona hili mapema. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa 1963 kufundisha watumishi wa vyama. Leo ni Chuo Kikuu. Karani wa msimu hatuwezi kumpeleka Moshi, lakini siku tatu ghalani kwetu zinatushinda nini? Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mtumishi anayeanza maelezo kwa maandishi: kazi yake, kituo, saa na mshahara. Mwajiri ni sisi.

Tunapendekeza karani wa zamani akae na hawa wawili wiki moja kabla, wapime magunia ya mahindi kwa majaribio, waijue na alama ya Wakala wa Vipimo kwenye mzani. Halafu mwenyekiti awatambulishe mkutanoni. Wapo wenzetu (hatuwataji, wanajijua) wanaotia maji na mchanga kwenye pamba, na karani mgeni huona haya kumwambia mzee "fungua gunia." Akishatambulishwa, akisema fungua, mzee afungue.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, ghalani. Yule kijana wa mwaka jana, ambaye sasa yuko machimboni huko Geita, tumemwalika. Akija, mpisheni kiti.