Mchezaji huru si wa bure: Funzo la Chamazi, Msimbazi na Jangwani

KILA dirisha la usajili linapofunguliwa, vijiwe vya kahawa kuanzia Kinondoni hadi Temeke hugeuka mabaraza ya mjadala mmoja: klabu inunue mchezaji mwenye mkataba, au imvizie yule ambaye mkataba wake unaelekea ukingoni ili imchukue bila kuilipa klabu yake hata shilingi moja?

Azam FC ya Chamazi, wilayani Temeke, inalijua jibu kwa uchungu. Katikati ya mwaka 2017, kipa Aishi Manula, mabeki Shomari Kapombe na Erasto Nyoni, pamoja na mshambuliaji John Bocco, walimaliza mikataba yao na kutua Simba wakiwa wachezaji huru. Huo ulikuwa uti wa mgongo wa timu, kuanzia langoni hadi mbele. Simba, ambayo haikuwa imeonja ubingwa wa Bara tangu msimu wa 2011/12, ilitwaa taji mara nne mfululizo kuanzia 2017/18. Si hao wanne pekee waliofanya kazi hiyo, kwani Emmanuel Okwi naye alirejea Msimbazi mwaka huo huo, lakini bila wao hesabu isingetimia.

Hata hivyo, neno "huru" lina hila ndani yake. Fedha ambazo zingeingia kwenye hazina ya klabu huhamia kwa mchezaji na wakala wake, kwa jina la fedha za usajili na mshahara mnono. Aidha, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine pale mkataba wake unapobakiza miezi sita. Klabu iliyochelewa huingia kwenye mazungumzo ikiwa mikono mitupu.

Simba yenyewe ilikuja kuonja dawa hiyo. Mwaka 2021 ilimuuza Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco, akarejea Januari 2022. Mwaka 2024 mkataba wake ulipokwisha, alivuka Kariakoo na kujiunga na Yanga. Mchezaji ni yule yule. Safari ya kwanza aliacha fedha, ya pili aliacha simanzi.

Katika mpira wa kikapu wa Marekani, klabu hubadilishana wachezaji, mara nyingi bila kuwauliza. Mtanzania Hasheem Thabeet alihamishwa hivyo kutoka Memphis Grizzlies kwenda Houston Rockets mwaka 2011, kisha Portland Trail Blazers mwaka 2012, kabla ya kusaini Oklahoma City Thunder akiwa huru. Katika soka, mchezaji asiporidhia hakuna uhamisho. Na asiporidhia kubaki, klabu huwa na kazi ngumu. Sakata la Feisal Salum, aliyetaka kuondoka Yanga Desemba 2022 wakati mkataba wake ungali hai, lilidumu hadi Juni 2023, Azam ilipokubaliana na Yanga na kumnunua.

Msimu uliofuata ulikuwa mizani nzuri. Stephane Aziz Ki, ambaye Yanga ilimchukua huru mwaka 2022 alipomaliza mkataba na ASEC Mimosas ya Ivory Coast, alifunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora. Feisal alifunga 19, na Azam ikamaliza ya pili nyuma ya Yanga. Mwaka 2025 Yanga ikamuuza Aziz Ki kwa Wydad ya Casablanca. Hapo ndipo ilipo faida halisi: kumpata huru, kisha kutomwacha aondoke huru.

Klabu ndogo ndizo zinazoumia zaidi. Nyingi haziwezi kujifunga kulipa mishahara ya miaka mitatu, hivyo hutoa mikataba ya msimu mmoja au miwili. Kijana aking'ara, wakubwa hawana sababu ya kubisha hodi kwa viongozi wake. Husubiri Juni ifike, wakampigia simu yeye mwenyewe.