Shaba ya Mobutu, petroli ya Chávez: bei ikianguka, nani analipa?

Mu Butembo na Beni, kijana anayeuza esansi mu madumu na machupa kando ya barabara anaitwa Kadhafi. Jina lilitoka Libia, kwa mukubwa mwenye petroli nyingi aliyetawala miaka 42. Hakuna anayeshangaa tena kulisikia. Lakini siku hizi, juu ya mauaji na vita visivyoisha, kuna neno lingine linasikika kwenye parking za wamotari na sokoni: inchi inakosa mutu mukali, mutu wa kukamata mali yote na kugawia raia. Vijana wanataja Mobutu. Wengi wao walizaliwa kisha yeye kukimbia mu 1997.

Inafaa basi kuangalia watu wawili waliosema kwa sauti kubwa kwamba mali ya inchi ni ya raia. Mmoja ni wa mbali, mwengine ni wa kwetu hapa Kongo.

Wa mbali ni Hugo Chávez wa Venezuela, inchi ya Amerika ya Kusini yenye petroli kuliko karibu inchi zote za dunia. Alikuwa mwanajeshi. Mu 1992 alijaribu kupindua serikali, akashindwa, akafungwa. Mu mwezi wa 12 mwaka 1998 akachaguliwa raisi kwa kura. Ile wakati barili moja ya petroli ilikuwa karibu dolari 10. Bei ikaanza kupanda, na mu 2008 ikapita 100. Feza ikaingia, na kusema ukweli, nyingi ilifikia maskini: waganga wa Cuba walipelekwa mu vitongoji, watu wazima wakafundishwa kusoma, chakula ikauzwa kwa bei ya chini. Umaskini ulipunguka. Anayesema Chávez hakufanya kitu, anadanganya.

Shida ilikuwa kwingine. Mu 2003, kisha mugomo mukubwa, alifukuza wafanyakazi karibu 18,000 wa PDVSA, sosiete ya Leta ya petroli, na kati yao mainjinia wenye ujuzi wa miaka. Mu 2010 alitembea kwenye kiwanja kimoja cha Caracas, televisheni inaonyesha, ananyoosha kidole ku nyumba za biashara na kuamuru zitwaliwe palepale. Watu wakapiga makofi. Mashamba na viwanda vikapita mikononi mwa Leta, vingi vikalala. Ikafika wakati ambapo ku dolari 100 zilizoingia kwa kuuza vitu inje, karibu 95 zilitoka ku petroli tu. Chávez alikufa tarehe 5 mwezi wa 3, 2013. Mwaka uliofuata bei ikaanza kuanguka, na mwanzoni mwa 2015 barili ilikuwa chini ya dolari 50. Aliyemfuata, Nicolás Maduro, akachapa noti. Kati ya 2008 na 2021, sufuri 14 ziliondolewa ku feza ya inchi ile, mu mara tatu. Watu zaidi ya milioni 7 walihama, wengine kwa miguu.

Muzee wa Butembo akisikia habari hiyo, hana lazima ya kutafsiriwa. Aliiishi.

Mobutu hakuchaguliwa sawa Chávez. Alikamata utawala kwa nguvu tarehe 24 mwezi wa 11, 1965, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini wimbo ulikuwa mmoja. Mwanzoni mwa 1967 alitwaa Union Minière, sosiete ya Wabeleji iliyochimba shaba ya Katanga, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Kupita nusu ya feza iliyoingia toka inje ilikuwa ya shaba. Hata mukoa wenyewe wa Katanga ukapewa jina la Shaba. Raia walifurahi, na walikuwa na sababu: Mubeleji alikuwa amebeba vya kutosha.

Kisha ikafika tarehe 30 mwezi wa 11, 1973. Mobutu alisimama mbele ya wabunge wa chama kimoja, MPR, na kutangaza ile iliyoitwa zairianizasio. Mashamba makubwa, maduka, depo na nyumba za biashara za wageni vitapewa Wazairwa. Kivu iliguswa sana, sababu mashamba ya kawa na ya chai yalikuwa mikononi mwa Wazungu, na maduka mengi mikononi mwa Wagiriki, Wareno na Wahindi. Waliopewa waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs. Mu kanuni ilikuwa mali ya raia wote. Mu kweli, wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa chama, maofisa wa jeshi, wabunge na ndugu zao. Wengine waliuza vitu vyote vilivyokuwa mu duka, wakafunga mulango, wakaenda. Mwenye shamba la kawa hakujua hata wakati wa kukata matawi. Wafanyakazi wakabaki bila mushahara.

Na bei? Shaba ilipanda sana mwanzoni mwa 1974, na Mobutu alikopa sawa mutu aliye na hakika kwamba itabaki pale. Mwezi wa 10 ule ule, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, kila mmoja akilipwa dolari milioni 5. Kabla ya mwaka kwisha bei ya shaba ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Mu 1975 vita ya Angola ikafunga reli ya Benguela, njia ya shaba kufika baharini. Mu 1976 Mobutu mwenyewe alianza kuita wageni warudilie sehemu ya mali yao. Wachache walirudi.

Bili ililipwa na mwenye noti mukononi. Siku ya Noeli 1979 Leta ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimekufa, na ikatoa siku chache tu za kubadilisha. Mukulima aliyeficha feza yake nyumbani, mbali na banki, alibaki na karatasi. Mwanzoni mwa 1993, waaskari wa Kinshasa waliolipwa kwa noti ya milioni 5, ambayo maduka yaliikataa, waliharibu muji kwa risasi. Mwezi wa 10 mwaka huo, zaire milioni 3 zikawa zaire mupya 1. Gécamines, iliyotoa kupita tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 80, haikufikisha hata 50,000 mu 1993.

Butembo njo ilijifunza kuishi bila Leta katika miaka hiyo. Kawa ilitakiwa kuuzwa kwa bei ya chini na kulipwa kwa zaire iliyokuwa inaoza, kwa hiyo makamyo yalivuka Uganda usiku. Wafanyabiashara walipeleka mboga na maharagi hadi Kisangani na Kinshasa, wakafuata zahabu, wakafika Dubai. Watu wa hapa wanajivunia kwamba muji ulijengwa na wafanyabiashara. Ni kweli, lakini fahari ile ina bei yake: barabara inalipwa mara mbili, kwa kodi na kwa muchango, na kwa miaka mingi mwenye grupu njo alikuwa na umeme, mwengine alikaa mu giza.

Wanaosema leo kwamba petroli ya Ziwa Edward itatuokoa wanaongea juu ya watu walio karibu. Kyavinyonge iko mu territoire ya Beni, na watu wake wanaishi kwa samaki. Mu 2014 sosiete ya Uingereza SOCO ilifanya utafiti ndani ya ziwa, mu parki ya Virunga, kisha ikakubali kuacha juu ya kelele za dunia. Mwezi wa 7, 2022, Kinshasa ilitangaza mnada wa bloku 27 za petroli, zingine zikigusa parki. Mwezi wa 10, 2024, mnada ule ukafutwa. Sheria ya petroli iko tangu 2015. Muvuvi wa Kyavinyonge hajaelezwa ni mukono gani utashika feza, wala nini itafanyika bei ya barili ikirudi ku 40.

Kongo si mwanafunzi mupya wa petroli. Huko Muanda, karibu na bahari, inatoka tangu 1975, na inapakiwa mbichi kwenda inje. Esansi inayouzwa na Kadhafi wa Butembo inaingilia Kasindi, baada ya kupita Kenya na Uganda.