Kufuli Si Matunzo

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukoo wetu mzima unauona mzigo wa dada yangu kuwa usufi, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuubeba usiku.

Baba yetu ana miaka 72. Alilima tumbaku hapa Vurra, akafanya biashara katika soko la Ariwara ng'ambo ya mpaka, akatusomesha. Miaka sita iliyopita alianza kuuliza swali moja mara kumi. Leo hamtambui dada anayemlisha. Kila jua likizama hutafuta njia ya kwenda Kongo, kwa sababu akilini mwake ni mwaka 1980, wanajeshi wanakuja, na watu wa West Nile wanakimbilia Zaire kama walivyokimbia kweli. Mara mbili tulimpata alfajiri karibu na mpaka, miguu ikivuja damu. Siku hizi chumba chake hufungwa kwa kufuli, kwa nje.

Ugonjwa huu unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906. Huharibu ubongo kidogo kidogo, na mpaka leo hauna dawa ya kuuponya. Kijijini kwetu unaitwa uchawi, au laana, au uzee tu.

Niliposema tumtafutie baba makao yenye wauguzi, ukoo uliketi chini ya mwembe kunihukumu. "Hayo ni mambo ya Wazungu," alisema baba mkubwa. "Mwafrika hamtupi mzazi wake." Wote wakaitikia. Kisha kila mmoja akapanda bodaboda akaenda zake, na dada akaingia ndani kumbadilisha baba nguo alizojikojolea.

Nawauliza wazee wangu kwa heshima: huyo Mwafrika asiyemtupa mzazi wake ni nani? Kwetu ni msichana wa miaka 26. Alikuwa fundi wa kushona mjini Arua. Cherehani yake imefunikwa gunia tangu mwaka juzi. Usiku halali zaidi ya saa tatu. Kijana aliyekuwa akimchumbia amechoka kungoja. Utamaduni mnaoutetea umelala juu ya mgongo wa binti mmoja ambaye hakuulizwa. Nasi watoto wa kiume, nikiwemo mimi niliyeko chuoni, tunatuma pesa za sabuni na kujiona watoto wema.

Mtaniambia kwamba zamani mambo yalikwenda vizuri bila makao. Huenda. Zamani boma lilikuwa na wake, wakaza wana na wajukuu tele, mzee hakukosa macho ya kumwangalia. Leo watoto wako shuleni, vijana wako Kampala na Juba. Boma letu limebaki na watu wawili, na mmoja wao hajui tena jina lake.

Serikali nayo hujificha nyuma ya methali zetu. Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba dola itafanya mpango wa kufaa kwa ajili ya ustawi na matunzo ya wazee. Kinachofika vijijini ni Sh. 25,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 80. Baba angoje miaka minane! Na hata akifika huko, pesa hizo hazimwajiri muuguzi.

Nimetafuta. Kutoka Arua hadi Koboko sikupata nyumba ya kumpokea mtu wa hali yake. Kuna walionishauri nimpeleke katika wodi ya wagonjwa wa akili, lakini wodi ni mahali pa kutibiwa na kurudi nyumbani, na ugonjwa huu haurudi nyuma. Kampala, pale Nalukolongo, kuna Nyumba ya Bakateyamba iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, ambamo masista wanawatunza wazee maskini. Naiheshimu sana. Lakini iko karibu kilomita 500 kutoka Vurra, na lugha ya huko ni Kiganda. Baba, Kiingereza kilimtoka kwanza, kikafuata Kiswahili cha sokoni. Kimebaki Kilugbara peke yake. Akianza kukimbia, dada humwambia kwa Kilugbara kwamba wanajeshi wameshapita, naye huketi. Muuguzi asiyeweza kusema maneno hayo atamshika kwa nguvu, na baba ataamini kwamba wanajeshi wamefika.

Kwa hiyo makao yanayomfaa lazima yawe hapa kwetu. Si jambo geni. Hospitali ya Kuluva, hapa hapa Vurra, ilianzishwa na wamisionari miaka ya 1940, na wenye ukoma, ambao watu waliwaogopa, walipata huko matibabu na mahali pa kuishi. Sijamsikia mzee yeyote wa ukoo wetu akisema kwamba hao walitupwa. Dayosisi zetu zina ardhi. Wilaya ina vituo vya afya. Vijana waliosomea uuguzi wapo Arua wakitafuta kazi. Ninachodai ni nyumba moja ya vitanda ishirini, yenye uwanja uliozungushiwa ua ili mzee atembee jioni asifike mpakani, wauguzi wanaosema Kilugbara na Kikakwa, na mlango ulio wazi kwa jamaa kila siku. Hata ikianza kwa kuwapokea wazee mchana tu, dada yangu atapata kulala.

Mpaka siku hiyo, kila anayesema kwamba kutafuta makao ni kumtupa mzazi, namkaribisha kwetu. Aje saa mbili usiku, wakati kufuli linapofungwa. Dada yangu atamkabidhi ufunguo.