Nani Apime Moyo wa Mpiga Kura?

Kila tunapofika kwenye somo la ustaarabu wa Marekani, mabishano huwa yaleyale. Wengine husema Wapuritani walivuka bahari kutafuta uhuru wa kuabudu, na uhuru huo ukazaa demokrasia. Wengine husema walikuwa madikteta wa kanisa, demokrasia ilikuja baadaye bila msaada wao. Mimi naona pande zote mbili zinakwepa swali lenyewe: nani aliruhusiwa kupiga kura, na nani aliamua?

Tuanze na hati ya Mayflower ya tarehe 11 Novemba 1620. Merikebu ilikuwa imefika nje ya eneo lililotajwa katika kibali chao, na baadhi ya abiria wasio wa kanisa lile walianza kusema kwamba huko hakuna mwenye kuwaamuru. Basi wanaume 41, kati ya abiria 102, wakatia saini kwamba wanakuwa jamii moja yenye kujitungia sheria. Tukiwa watu wa lugha, tutazame neno walilotumia. Kwa Kiswahili ni agano, lilelile la Agano la Kale na Agano Jipya. Mkataba huwa na pande mbili na masharti. Agano huapwa mbele za Mungu. Ndivyo walivyokuwa wameunda kanisa lao, waumini wakiapiana wenyewe bila askofu. Walichofanya merikebuni ni kuhamisha desturi ya kanisani na kuifanya ya kiraia. Kijiji walichokwenda kujenga, Plymouth, kilikuwa mahali pa Patuxet, makazi ya Wawampanoag yaliyoachwa matupu na maradhi miaka michache kabla. Hao hakuna aliyewaita kwenye agano.

Miaka kumi baadaye walikuja Wapuritani wengi zaidi, wakiongozwa na John Winthrop, wakabeba hati ya mfalme mpaka Boston. Mwaka 1631 Baraza Kuu lao liliamua kwamba haki ya kupiga kura ni ya washirika wa kanisa tu. Wapinzani wao hushika hapo na kusema: ona, utawala wa mapadri! Lakini wachungaji wao hawakushika vyeo vya serikali. Na mwaka 1632, watu wa Watertown walipotozwa pauni 8 katika kodi ya pauni 60 ya kujenga boma la mji mwingine, aliyewaambia ni hatari kulipa kodi wasiyoiridhia alikuwa mchungaji wao, George Phillips. Waliitwa Boston, wakakemewa, wakaomba radhi. Hata hivyo mwaka huohuo kila mji ulipewa watu wawili wa kushauriana na gavana juu ya kodi. Mwaka 1634 wenye kura walidai kuonyeshwa ile hati ya mfalme, wakaisoma, wakakuta kwamba sheria zilipaswa kutungwa na wao katika Baraza Kuu. Uchaguzi uliofuata, Winthrop aliangushwa. Watu waliozoea kumchagua mchungaji wao hawakuona ajabu kumwondoa gavana.

Sasa ubaya wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1630, ili upokewe kanisani ilibidi usimame mbele ya washirika, usimulie jinsi neema ilivyokugusa. Wao wakasikiliza, wakapima. Kwa hiyo kura ya mwanamume ilitegemea jinsi majirani walivyoyapokea masimulizi yake. Mwenye ulimi mzito alikuwa na kazi. Wanawake walipokewa kanisani, kura hawakupewa. Na Anne Hutchinson, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mahakimu wake, alifukuzwa baada ya kuhukumiwa mwaka 1637.

Kwa maoni yangu kosa lilikuwa hapo. Dini kuwafundisha watu kujitawala halikuwa kosa. Kosa ni kumpa jirani mizani ya kupima moyo wa mwenzake kabla hajamhesabu kuwa raia. Na walioliona mapema walikuwa wacha Mungu kama wao. Roger Williams, aliyefukuzwa Massachusetts, alianzisha Providence mwaka 1636, na wakazi wake wakaahidi kutii uamuzi wa walio wengi katika mambo ya kiraia tu. Alitenga kanisa na serikali kwa ukali wa imani: aliogopa serikali italichafua kanisa. (Wenzangu wa isimu, huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1643 kitabu juu ya lugha ya Wanarragansett, alichokiandika baada ya kuishi nao na kuzungumza nao. Inastahili kusomwa kitivoni kwetu.) Connecticut nayo, katika sheria zake za msingi za mwaka 1639, ilimtaka gavana awe mshirika wa kanisa, lakini mpiga kura haikumdai hilo.

Massachusetts ilikataa kujifunza kwa majirani hao. Mwaka 1660 ilimnyonga Mary Dyer kwa kuwa Mkweka aliyekataa kukaa uhamishoni. Sharti la kanisa lilifutwa kabisa kwa hati mpya kutoka London, mwaka 1691, ambayo iliweka sharti la mali badala yake. Wanawake waliendelea kukaa nje ya kura, na maskini wakaungana nao.