Kama Swap Imekushinda, Hicho Cheti Ni Karatasi Tu

Wasee wa Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki, leo nitakanyaga watu vidole. Mtu akikuambia amesomea kompyuta, mwandikie `30 100 -` na umuulize staki itabaki na nini.

Wengi watakuimbia: "Cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka." Kwa mtihani wanapata alama zote. Jibu lenyewe hawana. Wimbo wanaujua, ngoma hawaijui.

Na staki si uchawi. Ingia hoteli yoyote karibu na steji uangalie sahani. Anayeosha anaweka juu, anayepakua anachukua ya juu. Hakuna anayechomoa ya chini. Basi.

Kuna lugha inaitwa Forth, ya Charles Moore, ya miaka ya karibu 1970. Unaandika namba kwanza, kazi baadaye. Viazi kilo 3 kwa bob 50, ongeza boda 100: `50 3 * 100 +`. 50 inakaa, 3 inakaa juu yake, nyota inazila zote mbili na kuacha 150. 100 inakaa juu, alama ya kujumlisha inaacha 250. Mabano hayahitajiki.

Halafu jua maneno manne. `dup` inanakili ya juu. `drop` inaitupa. `swap` inabadilishana nafasi za mbili za juu. `over` inanakili ya pili na kuiweka juu.

Sasa rudi kwa swali. Sukuma ni ya 30, mteja amekupa 100. `30 100 -` inaleta -70, yaani mtu amelipa na bado unamdai! `30 100 swap -` inaleta 70, chenji yake. Hapo ndipo mtu anaelewa kwamba mpangilio ndio kila kitu.

Najua mtaniambia Forth ni ya wazee, haina kazi. Sawa. Chukua programu yako ya Java, uifungue kwa `javap -c`. Utakuta mashine yake inafanya kazi kwa staki hiyo hiyo, na kati ya amri zake kuna `dup`, `swap` na `pop`. Nyinyi wa Bitcoin, hati ya anwani zile za kawaida za zamani inaanza na OP_DUP. Hata Philae, chombo kilichotua juu ya nyotamkia mwaka 2014, kilibeba prosesa za staki.

"Lakini wewe uliacha chuo." Ndiyo, niliacha. -70 ni -70 hata ikiandikwa na profesa.

Kinachoniuma ni huyu mzazi wa Mathira anayengoja pesa ya kahawa ndio alipe karo. Ananunua nini? Sentensi moja ya kukariri? Walimu, kabla ya ufafanuzi, wapeni wanafunzi penseli wachore staki baada ya kila neno. Ni kazi ya alasiri moja. Na wewe mwanafunzi usingoje: Gforth ni ya bure, na ukiandika `.s` inakuonyesha staki yako bila kuondoa kitu.

Haya, `2 3 over * +` ni ngapi? Weka jibu kwa komenti pamoja na hatua zote. Jibu bila hatua silihesabu.