Tung'oe Mzizi Kabla ya Kumshuku Jirani



Mara nyingi tunasikia maneno haya: mwaka jana nyanya zilizaa vizuri, mwaka huu zimedumaa, na saa sita majani yananyauka hata kama mvua ilinyesha. Au mgomba wenye mkungu umeanguka kwa upepo mdogo. Kisha jina la mtu linatajwa, mara nyingi mama mzee asiye na wa kumtetea. Juma hili tunaomba jambo moja: kabla ya kutaja jina, tung'oe mmea tutazame mizizi.

Mizizi ya nyanya, biringanya au lengalenga ikiwa imevimba vinundu kama shanga, humo mna minyoo iitwayo nematodi. Ule mchanga unaoingia mzizini haufiki hata nusu milimita, kwa hiyo jicho haliuoni.

Je, mmea haujilindi? Hujilinda. Ukishambuliwa hutoa sumu. Mojawapo ni maji ya oksijeni, yaleyale ya kusafishia vidonda. Lakini mnyoo una hila tatu. Kwanza, hupita katikati ya chembe za mzizi bila kuzipasua, hivyo mmea hushtuka kidogo tu. Pili, mwili wake hutoa vitu vinavyoizima ile sumu. Tatu, una mdomo kama sindano, nao hutia mate ndani ya chembe. Mate hayo hunyamazisha ulinzi wa mmea, na chembe chache hunenepa zikawa jiko la kuulisha mnyoo. Mmea unamlisha adui wake mwenyewe! Jike hutaga mamia ya mayai, na katika udongo wa joto kama wetu kizazi kipya hupatikana kwa muda wa mwezi hivi.

Migomba ina mnyoo wake, unaotoboa mizizi na kuiacha na madoa mekundu na meusi mpaka ishindwe kushika udongo. Hapo kuna mmea uliomshinda adui: ndizi iitwayo Yangambi Km5, yenye jina la Yangambi, kule Lualaba yetu inakofika baada ya kupita Kindu na Kisangani. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba mizizi yake hurundika sumu nyingi palepale ilipoumwa. Sumu hiyo huingia katika mafuta ya mwili wa mnyoo na kuudhuru. Ndizi nyingine hutoa kidogo mno.

Sisi tufanye nini? Tusichukue vitoto vya mgomba kwenye shina lililoanguka. Kitoto tunachopanda tukimenye mizizi yote na sehemu nyeusi, kisha tukichovye katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, si zaidi. Penye vinundu, tung'oe mizizi yote tuichome, wala tusirudishe nyanya wala biringanya msimu unaofuata. Tupande karanga, ambazo haziilishi mingi ya minyoo hiyo. Ila tusichanganye: vinundu vya maharagwe vinavyobanduka kwa kidole ni vizuri, vinarutubisha udongo.

Na yule mama tuliyemshuku bure, tumwite shambani atazame mizizi pamoja nasi, kisha tumwombe radhi mbele ya wale waliotusikia tukimtaja.

Tuonane juma lijalo.