Uanaume na saratani: Kimya kinachowaponza wanaume wa Nairobi

ALIPOTANGAZA hadharani mnamo 2010 kwamba alikuwa na saratani ya tezi dume, Profesa Peter Anyang' Nyong'o alivunja mwiko ambao wanaume wengi nchini wangali wanauheshimu.

Wakati huo alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu. Alitibiwa Marekani, akarejea kazini, na mnamo 2012 Kenya ikapata Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani.

Sheria ilipatikana, lakini ujasiri wa kusema haukuenea kwa kasi hiyo hiyo.

Saratani ya tezi dume ndiyo inayowapata wanaume wengi zaidi nchini. Hata hivyo, wengi hufika Hospitali Kuu ya Kenyatta maradhi yakiwa yameshasambaa hadi mifupani. Ugonjwa huu aghalabu hauna dalili unapoanza, na anayesubiri maumivu ndipo amwone daktari huwa amechelewa.

Umaskini na foleni ndefu vina mchango wao. Lakini hata katika mitaa ya kifahari kama Lavington, ambako fedha si kizingiti, wapo wanaokwepa vipimo. Kinachowatisha ni uchunguzi wa kidole, wanaouona kama fedheha, ilhali kuna pia kipimo cha damu.

Mitihani haiishi na matibabu. Upasuaji na mnururisho huweza kumwacha mwanamume akishindwa kuzuia mkojo au kutimiza wajibu wa ndoa. Dawa za kupunguza homoni za kiume nazo huleta joto la ghafla mwilini, uchovu na huzuni, na kudhoofisha misuli na mifupa.

Kwa maneno mengine, tiba hugusa mambo yale yale ambayo mwanamume alifunzwa kuyahesabu kuwa ndio uanaume. Ndiyo maana baadhi yao hujitenga na wake zao na kuacha kliniki, au kutafuta faraja katika chupa.

Hapa ndipo mazoea ya kila siku yanapokuwa na uzito. Mazoezi, hasa ya kujenga misuli, hupunguza uchovu kwa wanaotumia dawa hizo na kuwarudishia nguvu. Uvutaji sigara, kwa upande mwingine, umehusishwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kutokana na saratani hii. Mkazi wa Kawangware au Kangemi hahitaji ukumbi wa mazoezi wa kulipia. Kutembea kwa kasi na kunyanyua mizigo midogo nyumbani ni mwanzo mzuri.

Tatizo la kimya si la Kenya pekee. Aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alimficha hata Rais Joe Biden habari za saratani yake ya tezi dume. Mnamo Februari 2024 alikiri kwamba alikosea, akaomba radhi.

Mawaziri hao wawili walipatwa na ugonjwa mmoja. Mmoja alisema na kuwafungulia wengine njia. Mwenzake alinyamaza na kuzua mtafaruku serikalini.

Kampeni za afya hazina budi kuvuka wito wa "nenda ukapimwe". Wauguzi wamuulize mgonjwa kuhusu ndoa yake, usingizi wake na huzuni yake, na mkewe ahusishwe tangu siku ya kwanza. Mficha uchi hazai, wahenga walinena, na anayeficha maradhi haya huhatarisha maisha yake.